Dizeli ya Kukufikisha Loiyangalani na Kukutoa

Anayeanzia safari Eldoret hana sababu ya kuhofia mafuta. Bomba la Kenya Pipeline lilifikishwa hapa mwaka 1994, na malori yanayopeleka mafuta Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo hujazia kwenye ghala la mji huu. Ndiyo maana wengi wanaokwenda Ziwa Turkana na magari yenye vitanda na jiko ndani hupanga chakula wiki nzima, na mafuta huyafikiria dakika za mwisho.

Ukipitia Kitale na Kapenguria hadi Lodwar, hilo halitakuumiza sana, kwa kuwa miji hiyo ina vituo. Upande wa mashariki wa ziwa ni habari nyingine. Ukishaiacha Maralal, hesabu kwamba hutaona pampu ya kutegemea mpaka Marsabit. Kupitia Baragoi, South Horr, Loiyangalani, North Horr na jangwa la Chalbi, huo ni mwendo wa karibu kilomita 500.

Hapo ndipo hesabu ya lami inapomtupa mtu. Gari linalokunywa lita 12 kwa kila kilomita 100 barabara kuu linaweza kufika lita 22 kwenye mchanga na mawe, likivutwa kwa gia nzito na mzigo juu. Kilomita 500 zinakuwa lita 110. Ongeza robo ya akiba, maana mvua ikinyesha Chalbi hugeuka tope na utalazimika kuzunguka au kurudi ulikotoka. Sasa unahitaji takriban lita 137. Kama tangi lako ni la lita 80, beba mitungi mitatu ya lita 20. Si anasa hiyo.

Mitungi iwe ya chuma, au ya plastiki iliyotengenezwa kwa mafuta. Mtungi wa mafuta ya kupikia haufai. Usiijaze hadi mdomoni, kwa sababu dizeli hutanuka kwenye joto: lita 20 zilizopimwa asubuhi ya baridi ya Eldoret huongezeka kama theluthi moja ya lita joto likipanda nyuzi 20. Unapojaza, weka mtungi chini, si ndani ya gari, ili umeme tuli usirushe cheche. Petroli ya jenereta isilale kabisa chumba kimoja na jiko la gesi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto.

Katika vituo vidogo vya njiani huenda ukauziwa mafuta kutoka kwenye pipa, kwa mpira na faneli. Bei itazidi ile inayotangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi, na sioni vibaya: muuzaji ameyagharamia mpaka huko. Cha kukagua ni usafi. Omba yawekwe kwanza kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, uiache itulie dakika kumi. Maji, yakiwepo, hujikusanya chini kama shanga, na kutu huonekana. Mafuta ya sehemu ya chini ya pipa yakatae kwa upole, kisha yaliyobaki yapitishe kwenye faneli yenye chujio. Ukifika kambini, fungua kizibo cha chini cha chujio la dizeli, utoe maji yaliyojitenga.

Chupa haitakuonyesha mafuta ya taa yaliyochanganywa. Uchakachuaji huo ulienea nchini hata serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili faida ya kuchanganya iondoke. Dizeli iliyopunguzwa hivyo hulainisha vibaya, na pampu ya injini ya kisasa huchakaa mapema. Kinga ya kweli ni kununua kidogo iwezekanavyo njiani.

Kwa hiyo ukifika Maralal, jaza tangi na mitungi yote hata kama mshale uko juu ya nusu, na umuulize dereva wa lori aliyetoka kaskazini hali ya barabara kabla hujaondoka.