Seli shina kwa ubongo ulioumia zamani

Aliyeumia ubongo akimaliza mwaka mkono haujarudi, aghalabu familia huambiwa izoee hali hiyo. Utafiti wa seli shina umeanza kuitikisa kauli hiyo, ingawa bado haujaipindua.

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Dk. Gary Steinberg na wenzake waliwatibu watu 18 waliokuwa wameishi na kiharusi kwa miezi sita hadi miaka mitatu. Fuvu lilitobolewa tundu dogo mgonjwa akiwa macho, sindano nyembamba ikapitishwa hadi pembezoni mwa jeraha, na hapo zikawekwa seli shina zilizotoka kwenye uboho wa mtu mwingine. Matokeo yalichapishwa 2016: kuna waliopata nguvu mpya za mkono na mguu.

Cha kushangaza, seli hizo hazigeuki kuwa ubongo mpya. Kwa wanyama waliochunguzwa hutoweka baada ya wiki chache, lakini nafuu hubaki. Inaelekea kazi yao ni kama ya mbolea: hutoa protini zinazoamsha ubongo wenyewe ujenge miunganisho upya.

Baadaye seli hizohizo zilijaribiwa kwa watu waliopata majeraha ya kichwa, wengi wao wa ajali, baada ya mwaka au zaidi. Baadhi walifanyiwa upasuaji wa kuigiza, bila kupewa seli. Baada ya miezi sita, waliopewa seli walipanda kwa wastani wa alama 8.3 kwenye kipimo cha mwendo wa viungo, wenzao 2.3. Hiyo ni tofauti ya maana. Lakini jaribio kubwa la seli hizo kwa wagonjwa wa kiharusi halikufikia lengo lake, kama ilivyotangazwa 2019. Japani iliidhinisha tiba hiyo kwa majeraha ya kichwa Julai 2024, tena kwa masharti.

Ndiyo maana nawaogopa sana wanaouza sindano za "seli" kwa fedha nyingi. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani waliripoti habari za mgonjwa wa kiharusi aliyezunguka nchi kadhaa akidungwa seli. Uvimbe ukaota kwenye uti wake wa mgongo, na vinasaba vya uvimbe huo havikuwa vya mgonjwa mwenyewe. Kabla hamjauza shamba, ulizeni: seli zimetoka wapi, mamlaka gani imeziidhinisha, na kama ni utafiti, kwa nini mgonjwa ndiye anayelipa? Wakati mnasubiri majibu, mazoezi ya viungo yasikatishwe.