Kugongwa Kutoka Nyuma

Leo nazungumza na ndugu zetu wa bodaboda, na abiria wao pia. Gari linalokuja mbele unaliona. La nyuma hulioni, kwa hiyo maisha yako yako mikononi mwa dereva huyo: je, amekuona mapema?

Tufanye hesabu. Lori linakwenda kilomita 80 kwa saa, wewe 30. Linakukaribia kwa mita 14 hivi kila sekunde. Katika ukungu wetu, dereva akikuona mkiwa mita 30 tu mbali, mna sekunde mbili. Moja inaisha kabla mguu haujafika kwenye breki, na lori lenye mzigo kwenye lami iliyolowa halisimami kwa sekunde iliyobaki.

Kwa hiyo angalia nyuma ya pikipiki yako. Taa inawaka? Imefunikwa na matope? Gunia la nepia au mitungi ya maziwa huificha kabisa, na mwenyewe hujui kwa sababu umekaa mbele. Halafu kuna hili la baridi. Asubuhi watu huvaa rifleta, kisha koti zito jeusi juu yake! Rifleta ivaliwe juu ya koti. Tangu mwaka 2012 sheria inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na rifleta, na abiria awe mmoja tu. Mama unayepanda nyuma, mgongo unaoonekana kwanza ni wako. Idai rifleta yako.

Usisimame juu ya lami kupatana bei au kupokea simu. Toka kabisa. Na steji nazo zikae mbali na ukingo wa barabara. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo kwenye Njia Panda ya Londiani, hapa kwetu Kericho, na watu zaidi ya 50 wakafa. Miongoni mwa waliogongwa walikuwa watu wa bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara.

Mtu akigongwa kutoka nyuma, shingo na uti wa mgongo huweza kuumia hata kama hakuna damu. Kwanza zuieni magari. Msimkalishe, msimbebe kwa mikono na miguu, msimvute helmeti ikiwa anapumua vizuri. Mmoja ashike kichwa kisitikisike. Penye damu nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Piga simu 999 au 112.

Ambulensi ikikosekana, mgeuzeni kwa pamoja, kichwa na mwili kama gogo moja, mumlaze juu ya ubao au mlango. Pikapu iliyotoka kupeleka majani chai, ikienda polepole hadi Kapkatet, Longisa au Tenwek, ni afadhali mara nyingi kuliko kumbana katikati ya watu wawili juu ya pikipiki.