Pikapu kuukuu ikivuja mafuta: kazi ya nyumbani na kazi ya fundi

MINADA ya korosho inapokaribia kila mwaka, mnamo Oktoba, magari mengi ya zamani yaliyokuwa yamepumzika uani huko Nanyamba, Mikindani na Msimbati hurudishwa barabarani kubeba magunia, samaki na nazi. Ndipo mwenye gari anapoona doa mchangani chini ya tangi, au anapokutana na harufu ya petroli kila akifungua mlango.

Wengi huvumilia, kwa kuwa ni tone tu. Hesabu inasema vingine. Tone moja kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa. Matone ya petroli ni madogo kuliko ya maji, kiasi cha 50 hivi kwa mililita moja, lakini hata hivyo gari hupoteza zaidi ya lita moja na nusu kwa siku. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, zikiwamo za mafuta yanayopitia bandari ya Mtwara. Mwenye gari azidishe bei hiyo kwa siku 30, kisha aulize dukani bei ya mita moja ya mpira wa mafuta.

Na fedha ndiyo hasara ndogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua, na moto ukiupata hurudi nao mpaka kwenye gari. Agosti 10, 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta lililopinduka kulipuka huku wananchi wakichota petroli. Tangi la pikapu ni dogo, lakini petroli ni ileile.

Kwa hiyo kazi haianzi na spana. Gari lisukumwe hadi mahali pa wazi penye upepo, mbali na jiko, mchana kweupe ili pasihitajike koroboi. Injini ipoe kabisa. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Ndoo mbili za mchanga mkavu ziwekwe karibu. Maji hayafai, maana petroli huelea juu yake na kusambaa pamoja na moto. Jeki iwekewe ubao chini, kwa sababu mchanga wa pwani hudidimia, na asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kisha mvujo utafutwe. Mabomba yafutwe kwa kitambaa kikavu na kufuatwa kuanzia tangini hadi kwenye injini. Harufu inayozidi baada ya kujaza mafuta humaanisha mpira wa mdomo wa tangi umepasuka. Mafuta yanayodondoka injini ikiunguruma tu mara nyingi hutoka baada ya pampu. Yakitoka kwenye kitundu kidogo cha tumbo la pampu ya zamani, mpira wake wa ndani umechanika, na hapo kijiti cha kupimia oili kinukiwe pia. Oili yenye harufu ya petroli imeharibika na lazima imwagwe kabla ya kuwasha. Kabureta likifurika, huenda sindano yake imeliwa au boya limetoboka. Boya likitikiswa sikioni, mafuta yaliyoingia ndani husikika.

Pwani hii ina adui wake. Upepo wa chumvi na mchanga wenye unyevunyevu unaorushwa na matairi, hasa kwa magari yanayopita ufukweni Msimbati, hula mabomba ya chuma pale yanaposhikiliwa na vibanio, mahali ambapo jicho halifiki. Vibanio hivyo vifunguliwe, visiangaliwe kwa juu tu.

Mpira uliopasuka ni kazi ya nyumbani. Mpira wa maji haufai hata kwa siku moja, kwani petroli huulainisha na kuuvimbisha. Mpira halisi wa mafuta huandikwa ubavuni: SAE 30R7 hutosha kwa gari la kabureta, lakini gari la sindano za umeme, yaani EFI, lina mgandamizo mkubwa zaidi na linahitaji SAE 30R9. Kabla ya kufungua bomba la EFI, mgandamizo huo lazima utolewe kwanza. Asiyejua namna ya kufanya hivyo amwachie fundi. Klipu zifungwe mpya, na waya wa kufungia uzio ubaki kwenye uzio.

Tangi linalotoka jasho lina dawa ya njiani inayojulikana: kipande cha sabuni ya kufulia kikisuguliwa kwenye ufa huziba, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Maji huiyeyusha, kwa hiyo masika hayafai kuitegemea. Ni dawa ya kufika mjini tu. Kulehemu ni jambo jingine kabisa. Tangi lililomwagwa mafuta ni hatari kuliko lililojaa, maana hubaki na mvuke uliochanganyika na hewa. Fundi anayeleta moto kabla ya kuliosha na kulijaza maji afukuzwe uani, hata kama ni shemeji.

Wenye dizeli wana shida tofauti. Upande wa kuvuta, ufa mdogo hauvujishi mafuta bali huingiza upepo, na gari hukataa kuwaka asubuhi. Chujio na viungo vyake vikazwe, kisha upepo utolewe kwa pampu ya mkono. Mabomba ya nozeli yasipapaswe kwa kidole injini ikiunguruma. Mgandamizo wake hupenyeza dizeli ndani ya ngozi, na hilo ni jeraha la kuwahishwa hospitali.

Petroli iliyokingwa ihifadhiwe kwenye kopo la bati lenye kifuniko, isimwagwe mtaroni. Huko Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, mtaro na mikoko havitengani sana.

Betri ikisharudishwa, injini iungurume dakika kumi huku viungo vyote vikitazamwa, kisha gari lilazwe juu ya boksi kavu lililokunjuliwa. Asubuhi boksi litasema kama magunia yapakiwe.