Kawawa, vyama vya wafanyakazi na makato ya mkulima

MKULIMA wa tumbaku wa Urambo, Sikonge au Kaliua anayajua makato vizuri. Mzigo ukishapimwa, mkopo wa pembejeo na ushuru wa chama hutolewa kwanza. Kinachobaki ndicho chake. Safari ya kisiasa ya Rashidi Kawawa, aliyepata kusoma hapa Tabora, inaonyesha jinsi makato yanavyohusiana na sauti ya mwanachama.

Mwaka 1955 Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika. Silaha ya vyama hivyo ilikuwa mgomo. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma kwa wiki nyingi.

Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika nafasi hiyo. Mwaka huohuo zilipitishwa sheria zilizobana migomo na kupeleka migogoro kwenye usuluhishi. Serikali ilikuwa na hoja: wenye mishahara walikuwa wachache, wakulima ndio wengi, na nchi ilikuwa changa. Tumbo hakukubaliana na mwelekeo huo, akaingia upinzani. Mwaka 1964 aliwekwa kizuizini.

Mwaka huo wa 1964 TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na ada ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Kwa hiyo chama kilipata fedha za uhakika, lakini kiongozi hakuhitaji tena kumridhisha mwanachama ili alipwe.

Zamu ya wakulima ilifika mwaka 1976, Kawawa akiwa tena Waziri Mkuu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mazao yakanunuliwa na mamlaka za mazao. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Kawawa, aliyefariki Desemba 31, 2009, anakumbukwa kwa uadilifu. Lakini uadilifu wa mtu mmoja si kinga ya chama. Makato yenyewe si mabaya, maana bila fedha chama hakiendi. Basi katika mkutano mkuu ujao, mkulima aulize mambo matatu: nani aliyaidhinisha makato haya, yamefanya kazi gani, na kiongozi akishindwa, ni nani mwenye uwezo wa kumwondoa? Iwapo jibu la swali la tatu si wanachama wenyewe, hapo ndipo pa kuanzia.