Je, Wajua? Ufunguo wa Mlango Wako Wanao Watu Wangapi

Anayehamia nyumba ya kupanga huko Kasungami, katika komini Annexe inayoizunguka Lubumbashi, huanza kwa kulipa garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeiwekea kikomo: kwa nyumba ya kuishi, garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Akishalipa hukabidhiwa funguo, mara nyingi mbili zilizofungwa pamoja kwa kipande cha waya. Huko nyuma alikwisha kukagua mabati, akauliza habari za maji, akapima chumba kama kitanda kitaenea. Swali moja tu ndilo linalosahaulika: mpangaji aliyetoka ameondoka na nakala ngapi? Na aliyemtangulia? Na fundi aliyeufunga mlango huo siku ya kwanza?

Je, wajua kwamba funguo hizo zote zinaweza kufa bila kununua kitasa kipya? Katika vitasa vingi vya siku hizi, ufunguo huingia kwenye silinda ndogo ya shaba ya njano iliyochomekwa ndani ya kitasa. Mle ndani mna safu ya pini, kwa kawaida tano au sita, kila moja ikiwa vipande viwili vinavyosukumwa na springi. Meno ya ufunguo yakiinua kila pini hadi kimo chake hasa, maungio yote ya pini hukaa kwenye mstari mmoja na moyo wa silinda huzunguka. Pini moja ikizidi au ikipungua hata kidogo, moyo haugeuki. Fundi anayetaka kubadili ufunguo huutoa moyo huo, humwaga pini za chini na kupanga nyingine za urefu unaolingana na ufunguo mpya. Kitasa ni kilekile, mlango haukuguswa, lakini funguo za zamani hazina kazi tena.

Kazi hiyo inataka mkono mtulivu na kisanduku cha pini za kila kimo, maana springi zikiruka sakafuni ndiyo basi. Asiyempata fundi wa namna hiyo hubadili silinda nzima, na hili hata mwenye nyumba asiyejua ufundi analiweza kwa bisibisi moja. Ubavuni mwa mlango, usawa wa silinda, kuna skrubu moja ndefu. Ifungue, tia ufunguo, uzungushe kidogo tu mpaka ule ulimi mdogo wa katikati ujifiche, kisha vuta. Kabla ya kwenda dukani pima kutoka kwenye tundu la skrubu hadi kila ncha, kwa sababu pande mbili za silinda si lazima zilingane: upande mmoja waweza kuwa na milimita 30 na mwingine 40. Anayekwenda kununua kwa kukisia hurudi na silinda iliyotokeza nje ya mlango, na huko ndiko kujitafutia balaa. Silinda ni nyembamba kuliko kote pale skrubu inapopita. Ikitokeza milimita tatu au zaidi, mwizi mwenye koleo huibana na kuivunja kiunoni. Haimchukui muda.

Vitasa vya zamani vya ufunguo mrefu wenye bapa nchani, ambavyo bado vimejaa kwenye milango ya mbao, havina silinda. Ndani yake mna vibao vyembamba vya chuma, viwili au vitatu katika vile vya bei rahisi. Vibao vikiwa vichache, tofauti kati ya ufunguo na ufunguo nazo huwa chache, na ndiyo maana ufunguo wa jirani wakati mwingine hufungua kwako bila mtu yeyote kukusudia uovu. Kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 3621 hutaka kitasa cha mlango wa nje kiwe na tofauti za funguo zisizopungua 1,000. Kitasa cha vibao viwili hakikaribii hapo. Hicho usihangaike kukibadilishia ufunguo. King'oe uweke kingine.

Hapa mtu wa Lubumbashi ana haki ya kujivuna kidogo. Shaba ya njano inayotengeneza silinda na funguo nyingi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na shaba ndiyo kubwa, karibu asilimia 60. Shaba ndiyo iliyouzaa mji huu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likamimina shaba yake ya kwanza. Zinki nayo haiko mbali: Kipushi, kama kilomita 30 kutoka mjini, kuna mgodi uliofanya kazi tangu 1924 hadi 1993, ukalala zaidi ya miaka 30, ukarudi kazini mwaka 2024. Miamba yake ya zinki inahesabiwa kati ya mizuri kabisa duniani. Kwa hiyo madini mawili ya kitasa yote yako chini ya ardhi hii. Vitasa vyenyewe, lakini, vinakuja ndani ya makontena kutoka ng'ambo, na tunavinunua kama wageni.

Kabla ya wazungu, watu wa Katanga walikuwa wakiiyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha kwa karne nyingi, ikasafiri mbali na migodi ilikotoka. Katanga ilipojitenga kati ya 1960 na 1963, bendera yake ilichorwa misalaba mitatu ya namna hiyo, na sarafu zake za 1961 zikauchukua msalaba huo vilevile.

Tena, shaba ina kazi nyingine mlangoni ambayo hakuna anayeilipia. Mwaka 2008 idara ya mazingira ya Marekani iliandikisha rasmi aloi za shaba, pamoja na shaba ya njano, kuwa zinaua bakteria zinazokaa juu yake, nyingi mno ndani ya saa mbili. Kishikio cha shaba kilichosuguliwa kwa mikono ya watoto kutwa nzima kina usafi ambao kile cha plastiki hakina. Kikipakwa vanishi, faida hiyo inapotea.

Ufundi wa pini si mpya hata kidogo. Katika magofu ya kasri la Sargon wa Pili huko Khorsabad, Iraki ya leo, kulionekana kitasa cha mbao chenye pini zinazoanguka kwenye matundu ya komeo. Sargon alitawala kati ya 722 na 705 kabla ya Kristo. Wamisri walikuwa na vitasa vya aina hiyo, na Wadogoni wa Mali wamevichonga kwa mbao, vingine vikiwa na sura za watu, kwa ajili ya milango ya ghala zao za nafaka. Mmarekani Linus Yale mdogo alichofanya katika miaka ya 1860 ni kuzipunguza pini zile, kuzitia ndani ya silinda ya chuma na kuupa ufunguo umbo la bapa linaloenea mfukoni. Silinda inayouzwa leo kwenye duka la vifaa vya ujenzi ni mjukuu wa mbao ile ya Khorsabad.

Je, wajua kwamba kuna kitasa kilichokaa dirishani London zaidi ya miaka 60 kikiwasubiri wezi? Kilikuwa cha kampuni ya Bramah, na kibao kilichokuwa pale kiliahidi gini 200 kwa atakayekifungua bila ufunguo. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu, fundi Mmarekani Alfred Charles Hobbs alijitokeza. Alikifanyia kazi kwa saa 51 zilizogawanywa katika siku 16, kikafunguka, akapewa fedha zake. Habari hiyo iliwatia Waingereza hofu, ingawa mimi naona iliisifu Bramah: ni mwizi gani wa Kasungami au wa London atakayepiga magoti mlangoni kwa saa 51? Wezi hawana subira ya Hobbs. Wao huvunja, au huja na ufunguo.

Na ufunguo siku hizi unaweza kuibwa ukiwa mkononi mwako. Mwaka 2008 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Benjamin Laxton, Kai Wang na Stefan Savage, walionyesha programu inayosoma meno ya ufunguo kutoka kwenye picha na kutoa vipimo vya kuchonga mwingine. Picha mojawapo waliipiga kutoka juu ya jengo, funguo zikiwa mezani umbali wa kama mita 60. Wenye mamlaka wa Marekani nao walijionea: funguo kuu za kufungulia mizigo ya abiria katika viwanja vya ndege zilitokea kwenye picha ya gazeti mwaka 2014, na mwaka uliofuata watu wakawa wanazichapisha kwa mashine nyumbani kwao. Sasa fikiria wale wanaofurahia nyumba mpya kwa kuweka picha ya funguo kwenye WhatsApp. Namba ndogo iliyogongwa kwenye ufunguo nayo si pambo. Katika aina nyingi ndiyo siri yenyewe, na mwenye namba hahitaji kuuona ufunguo ili auchonge.

Na fundi mwenyewe je? Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alipenda kazi ya vitasa kuliko kazi ya ufalme, na mwalimu wake alikuwa fundi aitwaye François Gamain. Mapinduzi yalipochacha, mfalme alimtumia fundi huyohuyo kutengeneza kabati la chuma lililofichwa ukutani mwa kasri la Tuileries, humo akaweka barua zake za siri. Novemba 1792 Gamain alikwenda kwa waziri akasema lilipo. Barua zilisomwa katika kesi, na tarehe 21 Januari 1793 mfalme akakatwa kichwa. Kitasa chenyewe hakikuwa na kasoro.

Watengenezaji wa China wamelifikiria tatizo hilo la fundi. Baadhi ya milango yao ya chuma huja na funguo za aina mbili, za fundi na za mwenye nyumba, hizi za pili zikiwa ndani ya pakiti iliyofungwa. Fundi hutumia zake wakati wa ujenzi. Siku mwenye nyumba anapozungusha ufunguo wake kwa mara ya kwanza, silinda hubadilika ndani na funguo za fundi hazifungui tena. Ukinunua mlango wa namna hiyo, kagua pakiti. Ikiwa imeshapasuliwa, dai silinda nyingine palepale dukani.

Ila kitasa hakiwezi kushinda ukuta unaokishikilia. Lubumbashi imezungukwa na vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine vikipita mita tano kwenda juu, na udongo wake wa mfinyanzi ndio unaofyatuliwa matofali mengi ya huku. Likichomwa vizuri, tofali hilo huishika fremu ya mlango barabara. Likiachwa bichi, mvua za Novemba hadi Machi huliramba pembeni mwa fremu, na mwizi hana haja ya kukigusa kitasa cha bei kali. Hutoboa ukuta kando yake. Mwenye fedha kidogo na azitumie kwenye saruji ya kuzunguka fremu kwanza. Kwenye geti, lile tundu la kupitisha mkono, lenye kufuli upande wa ndani lililokingwa kwa kisanduku cha bati nene, ni ubunifu ambao sijaona wa kiwandani ukiushinda kwa bei yake: mkasi wa kukatia chuma haupati pa kuingia.

Usiku jambo lingine huja. Nyumba yenye antivoli, yaani nondo za kuzuia wezi, madirishani na mlango unaofunguliwa kwa ufunguo hata kutokea ndani ni hatari siku ambayo mshumaa umeangukia godoro. Ufunguo ukae mahali pamoja panapojulikana na wote, watoto wakiwemo, karibu na mlango lakini pasipofikiwa na mkono unaopenya dirishani.

Kiangazi kikija na vumbi lake jekundu, vitasa huanza kugoma, na mkono wa kwanza hukimbilia mafuta. Mafuta hulainisha kwa juma moja, kisha hushika vumbi na kuligeuza tope mle ndani. Unga wa penseli unafaa zaidi: sugua risasi ya penseli kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa, rudia. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya kuliko yote, na ndiyo yanayotumika zaidi.