Bustani ya Parokia na Majira ya Mwaka

Masomo: Isaya 58:6–11, Luka 13:6–9



Nabii Isaya, katika sura ya 58 ya kitabu chake, anawakemea watu waliofunga chakula huku wakiwasahau wenye njaa waliokuwa karibu nao. Anawaeleza mfungo ulio wa kweli, kisha anawaahidi kwamba mtu ampaye mwenye njaa chakula chake atakuwa kama bustani isiyopungukiwa maji hata wakati wa ukame. Tuutazame vema mpangilio wa mafundisho hayo. Nabii anaanza na mwenye njaa, bustani inafuata. Nataka tuufuate mpangilio huo leo, tunapozungumza juu ya bustani za mboga ambazo parokia na vigango vyetu huzianzisha kwa nyimbo mwezi wa tatu, nazo aghalabu huishia magugu mwezi wa nane.

Kazi yenyewe si ngeni katika Kanisa. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliiweka sura ya 48 ya Kanuni yake kwa ajili ya kazi za mikono za kila siku pamoja na usomaji mtakatifu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walilima mashamba ya misheni pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Nao maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 walikaza azimio la kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, mahali ambapo majirani husali pamoja na kubebeana mizigo. Bustani ya parokia ni mzigo mmojawapo unaobebwa hivyo.

Lakini hapa pana swali zito. Bibi mgonjwa aliyepelekewa fungu la mchicha mwezi wa tano, wakati kila ua una mchicha, ataletewa nini mwezi wa tisa, wakati mboga zimepanda bei sokoni naye hana hata senti? Ikiwa bustani yetu inamlisha wakati wa neema na kumwacha wakati wa dhiki, basi tumejifurahisha wenyewe tu. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, bustani ya parokia ipangwe kwa kuutazama mwezi wa tisa.

Katika mikoa yetu ya kaskazini na ya pwani tunazo mvua mbili: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kusini, kati na magharibi mwa nchi mvua ni moja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mimi nitafuata hesabu ya mvua mbili. Ndugu zetu wenye mvua moja waisogeze miezi kadiri ya nchi yao.

Kwaresima: kuiandaa ardhi

Kwaresima huangukia mara nyingi kati ya Februari na Machi, ardhi ikiwa ingali kavu. Katika Injili ya Luka, mtunza shamba anamwombea muda mtini usiozaa: mwaka mmoja zaidi, apate kuuchimbia na kuutilia samadi. Anaahidi kazi, tena anaitaja kwa jina. Nasi tufanye hivyo. Samadi mbichi huunguza miche, kwa hiyo iozeshwe kwanza. Biwi la mboji hupangwa kwa tabaka: majani makavu, majani mabichi, samadi, udongo na majivu kidogo. Hunyunyiziwa maji, hufunikwa, na kupinduliwa kila baada ya wiki 3 hivi. Huwa tayari baada ya miezi 2 au 3. Basi anayeitaka mboji ya masika yampasa aanze kuikusanya mara baada ya Noeli.

Wakati huo kitalu nacho kitengenezwe, chenye kivuli chepesi. Miche ya sukuma wiki na ya nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hivi kabla ya kuhamishwa. Mchicha husiwa moja kwa moja kwenye tuta, na wiki 4 baadaye waweza kuvunwa.

Pasaka hadi Pentekoste: masika

Mvua ikishuka, matuta yainuliwe na mifereji ichimbwe, maji yasituame mizizini. Huu ni wakati wa mboga za majani: mchicha, mnavu, kunde na matembele. Nyanya wakati wa masika hushambuliwa mno na bakajani. Tena tangu mwaka 2014 wakulima wetu wanasumbuliwa na mdudu yule wanayemwita kantangaze. Kigango kinachoanza kisianze na nyanya. Kianze na mboga zinazosamehe makosa ya wanafunzi. Wala zao moja lisirudiwe kwenye tuta lilelile msimu baada ya msimu, kwa maana wadudu na magonjwa yake hulisubiri udongoni.

Kanisa tangu kale limeyaombea mashamba wakati huu. Mtakatifu Mamerto, Askofu wa Vienne huko Ufaransa, katika karne ya 5, aliagiza siku tatu za maandamano na maombi kabla ya Kupaa Bwana, na desturi hiyo ikaenea katika Kanisa la Magharibi. Hata leo Misale ya Kirumi ina Misa kwa ajili ya kupanda na kwa ajili ya kushukuru baada ya mavuno. Makatekista waweza kumwomba paroko abariki bustani tarehe 15 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Isidori Mkulima, yule kibarua wa mashamba karibu na Madrid, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1622 pamoja na Ignasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresa wa Avila na Filipo Neri. Mtu wa jembe aliwekwa safu moja na waanzilishi wa mashirika na wamisionari wakuu. Vijana wetu wanaoona haya kushika jembe na walisikie hilo.

Kiangazi: mtihani wenyewe

Baada ya Pentekoste padre huvaa kijani Jumapili nyingi mfululizo, na ni wakati huohuo nchi yetu inapogeuka rangi ya vumbi. Rangi ya tumaini inavaliwa palipo pakavu. Tumaini hilo, wapendwa, linahitaji hesabu.

Tuta lenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 10 huhitaji, jua likiwa kali, karibu lita 40 za maji kwa siku, yaani ndoo 2 za lita 20. Tuseme parokia ina tangi la lita 20,000 lililojaa mwishoni mwa Mei. Ikiendelea kumwagilia matuta yake 12 ya masika, itatumia lita 480 kila siku, na tangi litakauka kabla ya katikati ya Julai. Ikibakiza matuta 4, itatumia lita 160 kwa siku, na maji yatatosha siku 125. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba ni siku 122. Matuta manne, basi, yamefika mwezi wa tisa; kumi na mawili hayakufika.

Na maji hayo yatoke wapi? Tuinue macho tulitazame paa la kanisa. Jengo lenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 10 hupokea lita 200 kwa kila milimita moja ya mvua. Hata tukihesabu kwamba sehemu moja ya tano hupotea, milimita 125 zatosha kulijaza tangi lile. Paa linalotukinga na mvua wakati wa Misa laweza kumnywesha mgonjwa mboga zake wakati wa jua, mradi tu mabomba yafungwe, na maji machafu ya mvua ya kwanza yaachwe yapite.

Matuta ya kiangazi yawe yamedidimia, maji yapate kukaa. Yafunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu. Na yamwagiliwe asubuhi na mapema au jioni. Matuta manane yaliyopumzishwa nayo yafunikwe, yasiachwe wazi kuchomwa na jua. Torati iliiagiza hata ardhi ipewe pumziko lake, katika Walawi sura ya 25.

Kazi hii yataka zamu. Ikiwa jumuiya ni 6, kila moja ishike siku yake, Jumatatu hadi Jumamosi, na jina la mwenye zamu liandikwe mlangoni pa kanisa. Mtu mmoja akiugua, jumuiya itoe mwingine. Zamu ni ya jumuiya. Makatekista huulizwa: na Jumapili je? Bwana wetu, katika Luka 13:15, aliwakumbusha wakubwa wa sinagogi kwamba wao wenyewe humfungua ng'ombe siku ya sabato wakampeleka kunywa maji. Vijana wa VIWAWA wamwagilie matuta manne kabla ya Misa ya kwanza, kisha waingie kusali. Kulima na kuchimba kungoje Jumatatu.

Vuli na Majilio

Oktoba, mwezi wa Rozari, matuta yote hufunguliwa tena kwa mboji iliyoiva. Majilio yanapofika miche imeshika. Ndio wakati wa kuacha mimea michache bora izae mbegu, kuzikausha kivulini na kuzihifadhi mahali pakavu. Yusufu kule Misri, katika Mwanzo sura ya 41, aliweka akiba katika miaka ya shibe. Mbegu ndiyo akiba yetu.

Mavuno ni ya nani?

Torati, katika Walawi 19:9–10, inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni. Yaliyobaki ni haki ya maskini na ya mgeni. Ni haki yao, wala hawapaswi kuipigia magoti. Na mgeni ametajwa kwa makusudi. Mjane wa Kiislamu aliye jirani na kigango ni wa orodha yetu sawasawa na mama wa WAWATA. Orodha hiyo iandaliwe na viongozi wa jumuiya, kwa maana wao ndio wajuao ni jiko lipi halikuwashwa jana.

Tena tuangalie namna ya kutoa. Boazi, katika kitabu cha Ruthu sura ya 2, aliwaamuru wavunaji wadondoshe masuke kwa makusudi, ili Ruthu aokote bila kuona haya. Fungu la mboga lifikishwe nyumbani kimya kimya. Lisigawiwe mlangoni pa kanisa mbele ya macho ya watu. Fungu la kwanza liwe la wenye shida, la pili la waliofanya kazi, la tatu liuzwe kwa ajili ya mbegu na zana. Fedha hizo ziandikwe daftarini, na hesabu yake isomwe katika matangazo kila mwezi. Bustani nyingi zilizookoka jua zimeuawa na minong'ono juu ya fedha.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa tarehe 24 Mei 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Katika bustani ya kigango vilio hivyo viwili husikika mahali pamoja, kwenye tuta kavu na kwenye chungu kitupu.

Basi, wapendwa, halmashauri za walei zitakapokutana kupanga bustani ya mwaka huu, zisianze kwa kuuliza tutalima ukubwa gani. Ziandike kwanza majina ya watakaolishwa mwezi wa tisa, kisha zihesabu maji, kisha zihesabu mikono, na mwishoni kabisa zihesabu matuta. Kidogo kinachodumu chamfaa mgonjwa kuliko kingi kilichokauka.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayochota maji alfajiri, na awabariki ninyi nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.