Tegu yuleyule, majirani wawili: kwa nini mmoja tu aanguke kifafa?

Tuseme kuna majirani wawili pale Msangano, wilayani Momba. Wote wanafuga nguruwe, wanachota maji sehemu moja. Mmoja ameanza kuanguka kifafa akiwa na miaka thelathini na kitu, mwingine hajawahi kuumwa hata kichwa. Wakipigwa picha ya CT, wote wawili wanakutwa na vifuko vidogo vya maji kwenye ubongo. Hivi inakuwaje?

Vile vifuko ni lava wa tegu wa nguruwe, *Taenia solium*. Hapa wengi wanachanganya, kwa hiyo twende polepole. Ukila kitimoto yenye lava isiyoiva vizuri, unapata tegu mkubwa tumboni. Lakini lava wa kwenye ubongo hatoki kwenye nyama. Anatoka kwenye mayai ya tegu yaliyomo kwenye kinyesi cha binadamu, yanayokufikia kwa mikono michafu, maji au mboga. Yaani hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata.

Tatizo hili si la mbali. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa watu 830 wilayani Mbozi, wilaya ambayo Momba ilimegwa kutoka kwake. Asilimia 45.3 walikuwa na kingamwili, alama kwamba mwili ulishakutana na mdudu huyu. Waliokuwa na antijeni, alama ya lava hai mwilini, walikuwa asilimia 16.7. Kukutana naye ni jambo moja, kuishi naye ni jingine, na kuugua ni la tatu. Kiasi cha mayai uliyomeza kina mchango wake, na vifuko vimekaa wapi pia. Ila na jeni zina kauli.

Kila seli yako ina karibu jeni 20,000, lakini haizitumii zote kwa wakati mmoja. Inafungua hizi, inafunga zile. Seli za kinga zina vipokezi kwenye ngozi yake, kama walinzi getini. Kimoja kinaitwa TLR4. Kikinusa kitu kigeni kinapeleka taarifa ndani hadi kwenye kiini, na huko protini iitwayo NF-κB inashika DNA na kufungua jeni za saitokini, protini zinazoita askari wengine. Hapo ndipo uvimbe na joto vinapoanza.

Lakini gari bila breki ni hatari. Jeni ya FOXP3 inatengeneza seli T za kutuliza, na jeni ya IL-10 inatoa saitokini inayosema "basi, inatosha". Lava hai ni mjanja: anatoa kemikali zinazozikanyagia breki hizi. Ndiyo maana anaweza kukaa kwenye ubongo miaka mingi bila mwenyeji kujua.

Balaa linakuja lava akizeeka na kufa. Ujanja wake unaisha, mabaki yake yanamwagika, walinzi wanashtuka. Eneo linavimba, na ubongo umefungwa ndani ya fuvu, hauna pa kupanukia. Degedege linafuata. Kwa maneno mengine, mara nyingi kinachomwangusha mtu ni kinga yake mwenyewe.

Sasa rudi kwa majirani wetu. Jeni ya TLR4 haifanani kwa watu wote. Kuna wenye tofauti ya herufi moja tu ya DNA. Utafiti wa kaskazini mwa India, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta tofauti mbili za jeni hiyo zikionekana zaidi kwa wenye lava na dalili kuliko kwa wenye lava wasio na dalili. Hiyo haimaanishi jeni ndiyo hukumu, wala kwamba matokeo ya India yanahamia Songwe yalivyo. Inamaanisha mdudu mmoja anaweza kukuta walinzi tofauti.

Elimu hii ina kazi hospitalini. Dawa ya albendazole inaua lava, lakini ukiwaua wote kwa mpigo unaweza kuamsha uvimbe uleule. Ndiyo maana daktari huitoa pamoja na dawa za kutuliza uvimbe kama prednisolone, na dawa za kifafa. Usijinunulie duka la dawa ukajitibu mwenyewe.

Kuhusu kinga, jeni huwezi kuzichagua, ila choo unaweza kujenga. Nguruwe wafungiwe bandani, nyama ikaguliwe na ipikwe iive, mikono ioshwe. Na jirani akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya hatari karibu yake, usimtie kitu mdomoni. Povu lake haliambukizi. Akizinduka, kazi iliyobaki ni kumfikisha hospitali.